Bach ni wa wote, lakini santuri yake ni ya nani?

Mwezi wa Septemba mwaka 2018, mpiga piano mmoja wa Uingereza, James Rhodes, aliketi nyumbani kwake akajipiga video akicheza kipande kifupi cha Bach. Alipokiweka kwenye Facebook ili wenziwe wakisikie, mtambo ulimzuia. Sababu aliyopewa ni kwamba kampuni ya Sony Music ilidai kuwa sekunde 47 za muziki ule ni mali yake. Yafaa ikumbukwe kwamba Johann Sebastian Bach alifariki mwaka 1750, na kwamba vidole vilivyokuwa vikicheza ni vya Rhodes mwenyewe. Baada ya watu kupiga makelele, dai hilo liliondolewa.

Wengi walicheka. Mimi naliona jambo hili kuwa zito kuliko kichekesho. Mtambo ulisikia Bach akichezwa kwenye piano, ukamlinganisha na Bach mwingine aliyewekwa katika ghala la kampuni, ukakata shauri kwamba wote wawili ni mmoja. Kumbe raha yote ya wapenzi wa muziki huu imo katika kujua kwamba si mmoja.

Huenda msomaji ambaye hakuuzoea muziki huu wa Ulaya, ule uitwao wa klasiki, akashangaa. Katika dansi letu wimbo na mwimbaji hufuatana kama uzi na sindano. Anayetaka wimbo wa Franco humtaka Franco mwenyewe na bendi yake, hataki mtu mwingine amwimbie. Lakini Bach hakuacha sauti, aliacha karatasi. Beethoven kadhalika. Kila kizazi hulazimika kuzifufua karatasi hizo upya, na kila mfufuaji huwa na lake. Ndiyo maana mpenzi wa muziki huu hatosheki kusema kwamba anapenda simfonia fulani. Atakuuliza: ya okestra gani? Nani aliyeiongoza? Mwaka gani? Katika studio, au mbele ya watu wakikohoa? Tangu lilipoanzishwa jarida la Gramophone huko Uingereza mwaka 1923, watu wamekuwa wakiandikiana barua na kugombana juu ya santuri gani ni bora, na sidhani kwamba ugomvi huo utakwisha.

Nitatoa mfano mmoja, kwani huu ndio uliotugawanya sisi. Mwaka 1741 Bach alichapisha kazi ya kinanda ambayo leo hujulikana kwa jina la Goldberg: wimbo mmoja mtulivu mwanzoni, kisha mageuzi 30 ya wimbo huo, halafu wimbo ule ule tena mwishoni. Mwezi wa Juni mwaka 1955 kijana mmoja wa Kanada, Glenn Gould, mwenye umri wa miaka 22, aliingia katika studio ya kampuni ya Columbia mjini New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, akairekodi kazi hiyo yote. Alikuja na kiti chake mwenyewe, kifupi mno, hata akawa ameketi chini ya piano kama mtu aliyeketi kwenye kigoda mbele ya jiko. Alicheza kwa kasi ya ajabu. Kazi yote ilimchukua dakika 38 na kidogo, na penye alama ya kurudia hakurudia. Santuri ilipotoka mwaka 1956 ilimpa jina dunia nzima.

Mwaka 1981, katika studio ile ile, Gould aliirekodi tena. Safari hii alitumia dakika 51. Wimbo wa kwanza, ambao katika ujana wake haukufika hata dakika mbili, sasa ulizidi tatu. Anaziweka noti moja moja kama mtu anayeweka mayai mezani. Ukitega sikio utamsikia akiimba chini chini huku akicheza, tabia ambayo mafundi wake walishindwa kumwachisha. Santuri hiyo ilitoka mwaka 1982, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo Gould alifariki, akiwa na miaka 50.

Basi, yupi ndiye Gould? Hapa Nairobi tuko watu saba tunaokutana Jumamosi moja kila mwezi kusikiliza muziki. Hatuna jina wala katiba. Yupo mwalimu mstaafu, yupo muuguzi, yupo kiongozi wa kwaya ya kanisa, wapo wanafunzi wawili wa chuo kikuu, yupo fundi wa saa, na mimi. Mwalimu ni mtu wa 1981, na hatikisiki. Yeye husema kwamba yule kijana wa 1955 anakimbia kama mtu anayeogopa kuachwa na matatu, bali huyu mzee wa 1981 anatembea akijua nyumbani ni wapi. Muuguzi alimjibu: "Mwalimu, huyo mzee wako ana miaka arobaini na minane tu." Mimi niko upande wa muuguzi. Rekodi ya 1981 ni nzuri mno, lakini kila nikiisikiliza namwona mtu akijitazama kwenye kioo. Ile ya 1955 haina kioo. Kiongozi wa kwaya hamtaki hata mmoja wao. Humwendea Wanda Landowska, aliyeirekodi kazi hiyo mjini Paris mwaka 1933 kwenye kinanda cha aina ya zamani, kile ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa, na anasema sisi wengine tunabishana juu ya nyumba ambayo hatukuingia kwa mlango wake.

Ubishi wa namna hii unahitaji jambo moja tu, nalo ni kwamba wanaobishana wawe wamesikia kitu kile kile. Siku za santuri jambo hilo lilikuwa rahisi. Santuri iliazimwa kama kitabu, na kama kitabu, mara nyingine ilirudi na mkwaruzo ambao haukuwepo. Aliyeinunua alikuwa na haki ya kuiazima, kuiuza, kuirithisha, au kuiweka juu ya kabati ikajaa vumbi. Siku hizi wengi wetu hatununui rekodi. Tunalipa ada kila mwezi ili turuhusiwe kusikiliza, na ruhusa hiyo ikikoma, muziki nao unakwenda zake. Kumwazima mwenzio hakuna. Unamwonyesha njia tu, naye akifika huenda akakuta mlango umefungwa.

Ndivyo ilivyomtokea muuguzi wetu. Yeye alipata kazi Marekani, kama walivyopata wauguzi wengi wa Kenya, akahamia Minnesota. Hakutaka kuachana nasi, kwa hivyo kila mwezi humtumia anwani za rekodi tutakazosikiliza. Mwezi mmoja kiongozi wa kwaya alichagua Edwin Fischer, Mswisi aliyekuwa wa kwanza kurekodi juzuu zote mbili za Bach zenye kazi 48 za kinanda, kati ya 1933 na 1936. Rekodi hiyo ilikuwa imesafishwa na mtaalamu mmoja wa Ulaya, mikwaruzo ikapunguzwa bila kuiua sauti ya piano. Sisi sita tuliisikia vizuri. Muuguzi aliambiwa kwamba kitu hicho hakipatikani katika nchi aliyopo. Alikuwa ametoka kazini usiku, amejitengenezea chai, amekaa. Alitupigia simu, tukamwekea simu karibu na kipaza sauti, naye akamsikiliza Fischer kama watu wanavyosikiliza matangazo ya mpira katika redio iliyochoka betri.

Nilitaka kujua kwa nini. Jibu limo katika sheria za hakimiliki, na nawaomba wasomaji wanivumilie kidogo, kwani hapa ndipo mambo yalipo. Muziki wa Bach wenyewe ni wa kila mtu. Rekodi ya muziki huo ni mali nyingine kabisa, yenye saa yake, na saa hiyo haiendi sawa kila nchi. Nchini Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, rekodi hulindwa miaka 50 tangu kwisha kwa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo Gould wa 1955 ni huru hapa siku nyingi, na yule wa 1981 atakuwa huru tarehe 1 Januari 2032. Nchi za Jumuiya ya Ulaya nazo zilikuwa na miaka 50, lakini mwaka 2011 ziliamua kuongeza hadi 70, na nyongeza hiyo ikaanza kazi mwaka 2013. Rekodi zilizokwisha kuwa huru hazikurudishwa kifungoni, kwa hivyo kule Ulaya zile zilizotolewa kabla ya 1963 zimo mikononi mwa umma. (Wimbo wa kwanza wa Beatles kutoka kama santuri, wa Oktoba 1962, uliponyoka kwa miezi mitatu.)

Marekani ndiyo iliyojipinda. Kwa miaka mingi rekodi za kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hazikuwamo kabisa katika sheria ya hakimiliki ya taifa. Kila jimbo lilikuwa na lake. Ni mwaka 2018 tu ambapo bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuweka ngazi. Zilizotolewa kabla ya 1923 zikafunguliwa tarehe 1 Januari 2022. Za 1923 hadi 1946 zilipewa miaka 100. Za 1947 hadi 1956 zilipewa miaka 110. Zote za baadaye, mpaka siku ile ya Februari 1972, zitangojea mpaka tarehe 15 Februari 2067. Gould wa 1955, ambaye santuri yake ilitoka 1956, ameangukia penye miaka 110. Kwa hivyo mtu akiinakili rekodi hiyo Mombasa ili ampe jirani, hana kosa. Akiinakili Minneapolis, ana kosa mpaka mwisho wa mwaka 2066.

Kabla ya ngazi hiyo, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kampuni ya Naxos ilikuwa ikichukua rekodi za Uingereza za miaka ya 1930 ambazo hakimiliki yake kule zilikorekodiwa ilikuwa imekwisha, ikizisafisha na kuziuza kwa bei nafuu. Miongoni mwake ni Fischer huyo huyo wa Bach. Nyingine ni Pablo Casals akicheza kazi sita za selo za Bach, rekodi za 1936 hadi 1939. Ya tatu ni koncheto ya fidla ya Elgar iliyorekodiwa Julai 1932 katika studio za Abbey Road, London, mtunzi mwenyewe mwenye miaka 75 akiongoza okestra, na mpiga fidla Yehudi Menuhin akiwa na miaka 16. (Menuhin alipenda kusimulia kwamba walipokutana kwa mazoezi Elgar alimsikiliza kidogo tu, akaridhika, akaenda zake kwenye mashindano ya farasi.) Kampuni ya Capitol ilimshtaki Naxos mjini New York. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba, hata kama hakimiliki imekwisha Uingereza, sheria ya kimila ya New York bado inailinda rekodi hiyo. Yaani kitu kilikuwa huru pale kilipozaliwa, lakini mtumwa ng'ambo. Tangu hapo santuri nyingi za kihistoria zinazotolewa Ulaya zimekuwa haziuzwi Marekani, na mlango aliogonga muuguzi wetu ni mmoja wa milango hiyo.

Mgogoro mkubwa zaidi ni wa juzi juzi. Mwaka 2017 hifadhi ya Internet Archive ya San Francisco ilitangaza mpango wa kuzinakili santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi na zinazovunjika kama sahani ya udongo. Zaidi ya rekodi laki nne zilinakiliwa, pamoja na mikwaruzo yake, watu wakazisikiliza bure. Agosti 2023 kampuni kubwa za muziki, zikiwamo Universal na Sony, zilikwenda mahakamani zikitaja rekodi 2,749. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ifike dola 150,000 kwa rekodi moja, kwa hivyo dai lilipita dola milioni 400. Nyingi za rekodi zilizotajwa zilikuwa za waimbaji maarufu kama Frank Sinatra na Billie Holiday, si za akina Fischer. Lakini rafu ni moja, na ikianguka huanguka na vyote. Septemba 2025 pande zote mbili zilipatana nje ya mahakama, na masharti ya mapatano hayakutangazwa.

Sipendi kuwasema wenye kampuni kana kwamba ni wezi. Ndio waliojenga studio, wakalipa okestra za watu themanini, wakamngojea Gould mpaka kiti chake kikakaa sawa. Msanii aliye hai lazima ale, na rekodi aliyoitoa mwaka jana si haki kuigawa kama njugu. Hata hivyo, Fischer alifariki mwaka 1960 na Casals mwaka 1973, na sioni ni nani anayenyimwa ugali muuguzi wa Minnesota akimsikiliza Fischer aliyesafishwa na fundi mwingine. Isitoshe, kampuni zinazolinda mali hizi kwa nguvu zote huziuza chache tu. Gould na Casals wanapatikana, ndiyo, kwa sababu wana wanunuzi. Lakini kuna waliorekodi santuri nne tano kabla ya vita, wazuri kabisa, ambao hakuna meneja atakayetia fedha kuwarudisha. Hao ndio wanaofifia, kwani mwenye mali hawatoi, na asiye na mali haruhusiwi kuwatoa.

Mwenye mali naye anazidi kuwa yule yule. Deutsche Grammophon iliyoanzishwa Hanover mwaka 1898, Decca na Philips zote zimeishia Universal. Hazina ya EMI ya muziki huu ilikwenda Warner mwaka 2013. Columbia na RCA ziko Sony. Hyperion ya London ilianzishwa mwaka 1980 na Ted Perry, mtu aliyewahi kuendesha teksi ili apate fedha za kurekodia, na kwa miaka mingi ilikataa katakata rekodi zake zisikilizwe kwa ada ya mwezi. Mwaka 2023 ilinunuliwa na Universal, na katika mwaka huo huo milango ikaanza kufunguliwa. Mwaka huo pia Apple ilitoa programu yake maalumu ya muziki wa klasiki, kisha ikainunua BIS ya Sweden.

Kukataa kwa Hyperion hakukuwa kiburi. Katika mitambo hiyo mikubwa malipo huhesabiwa kwa kila kipande kilichosikilizwa, na sekunde 30 zatosha kukihesabu. Wimbo wa dakika tatu hulipa sawasawa na sehemu moja ya simfonia ya Mahler inayochukua dakika 25. Mpiga ngoma wa dakika tatu anavuna mara nane katika muda ambao okestra nzima imevuna mara moja. Tena utafutaji wake ni adha. Ukiandika jina la mtunzi unaletewa vipande vilivyochanganywa kama maharage na mahindi, kiongozi huyu, okestra ile, mwaka haupo. Ukimtumia mwenzio, naye akafungua rekodi ya mtu mwingine akidhani ni hiyo, mtabishana jioni nzima kila mmoja juu ya kitu chake. Kwetu imetokea. Fundi wa saa alimtetea Gould wa 1955 kwa nusu saa, kumbe simu yake ilikuwa ikipiga ya 1981.

Hapo mtu aweza kuuliza kama masikio yetu haya yana thamani yoyote. Kuna kisa cha Joyce Hatto. Huyu alikuwa mpiga piano wa Uingereza, mgonjwa wa saratani, ambaye hakuonekana jukwaani kwa miaka mingi, lakini mumewe William Barrington-Coupe alikuwa akitoa rekodi baada ya rekodi kwa jina lake, zikapita mia. Wapenzi wa muziki walizisifu, wakaambiana, na baadhi ya wahakiki wakamwita hazina iliyofichika. Alifariki mwaka 2006. Februari 2007 msikilizaji mmoja alitia santuri ya Hatto akicheza Liszt katika kompyuta yake, na programu ya iTunes ikamwandikia kwamba huyo si Hatto bali László Simon. Jarida la Gramophone lilipopeleka kwa mafundi ikathibitika. Koncheto za Rachmaninoff nazo zilikuwa za Yefim Bronfman. Mume alikuja kukiri.

Wapo wanaokitumia kisa hiki kuwacheka wapenzi wa rekodi: mnajidai mnajua, nanyi mmedanganywa. Mimi nakisoma kinyume. Sifa walizompa Hatto zilikuwa za haki, ila zilikuwa za watu wengine, kwani Simon na Bronfman walicheza vizuri kweli. Na udanganyifu haukufichuliwa na sheria wala na kampuni yoyote yenye mali. Ulifichuliwa kwa sababu mtu wa kawaida alikuwa na nakala mkononi, akaitia katika mashine yake, kisha wengine wenye nakala ya Simon wakaweza kulinganisha. Ingekuwa nakala zote zimo katika ghala moja, nani angelinganisha? Tena, santuri ile ya Simon ilikuwa ya BIS, na programu iliyomtaja ni ya Apple, ambayo miaka 16 baadaye iliinunua BIS yenyewe.

Mtu asinijibu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kwenda kurekodi santuri za taarabu, zenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Nembo hiyo ndiyo ya kampuni iliyomrekodi Fischer, na ndiyo iliyomrekodi Menuhin na Elgar. Utomvu wa wadudu ni ule ule, mizunguko ile ile, na dakika tatu nne za kila upande ni zile zile. Mtu akijaribu kuuliza leo ni nani anayeruhusiwa kunakili santuri za 1928, awe anazitaka za London au za Bombay, anaingia katika ofisi moja na kupanga foleni moja. Na santuri za Siti hazina wanunuzi wengi kama za Casals, kwa hivyo tuliokwisha kuona yanayowapata akina Fischer tunajua ni za nani zitakazongoja zaidi.

Hapa nyumbani sheria yetu ya miaka 50 ni ya ukarimu kuliko nyingi. Tatizo ni kwamba tunaiacha ilale. Mitambo tunayosikilizia imetengenezwa ng'ambo na hufuata woga wa ng'ambo, hata rekodi iliyo huru Kenya huzuiwa Kenya kwa sababu haiko huru California. Tangu mwaka 2008 watoto wa Korogocho wamekuwa wakifundishwa fidla, selo na tarumbeta katika mpango wa Ghetto Classics. Mtoto anayejifunza selo anahitaji kumsikia Casals, ambaye katika rekodi zile za 1936 vidole vyake husikika vikigonga ubao, halafu awasikie watano wengine waliocheza kazi hiyo kwa njia nyingine, ndipo ajue kwamba hakuna amri moja. Kumpa diski ndogo yenye rekodi zote hizo za kabla ya 1975 si kosa katika nchi hii. Maktaba zetu zingeweza kuziweka, shule zingeweza kuzigawa, na redio zingeweza kuzitaja kwa majina yake kamili, nani, wapi, mwaka gani. Wakija watu kutushauri tuirefushe miaka hiyo 50 ili tufanane na wakubwa, waheshimiwa wabunge waulize kwanza ni mwimbaji gani wa Kenya aliyerekodi mwaka 1970 atakayeongezewa hata shilingi moja, na ni nani atakayefungiwa.

Sisi katika kikundi chetu tumeanza kufuata kalenda. Kila tarehe 1 Januari Marekani hufungua rekodi za mwaka mmoja. Mwaka 2026 ilikuwa zamu ya zile za 1925, mwaka ambao maikrofoni ya umeme ilichukua nafasi ya pembe ambamo wanamuziki walikuwa wakijibana kama abiria. Okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski ilirekodi mwaka huo ngoma ya mifupa ya Saint-Saëns kwa maikrofoni, na hiyo twaweza kuisikiliza sote saba bila mtu kufungiwa. Fischer atafuata kuelekea 2037. Kwa Gould wa 1955 muuguzi alipiga hesabu, akatuandikia kwamba siku Minnesota itakapomruhusu kumnakili yeye atakuwa na miaka 84. Mwalimu akamjibu kwamba nauli ya ndege kuja Nairobi ni rahisi kuliko kungoja.